Dawa ya Deni ni Kulipa, Lakini kwa Mshahara Upi?

(Hotuba kwa wazazi na wanafunzi)



Tumekuja kuizungumza wazi hesabu ambayo kila nyumba huifanya kimyakimya: ng'ombe wangapi waliuzwa, harambee ngapi ziliitishwa, na mtoto alipohitimu alirudi nyumbani na nini.

Mwaka 1991, mwaka uleule kifungu cha 2A kilipofutwa tukapata tena vyama vingi, wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma walianza kutozwa karo. Mwaka 1995 Bunge likaiunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Mkopo hatuulaumu; umewasomesha watoto wengi wa maskini. Tunalolaumu ni masharti yake.

Chukueni kijana aliyekopa shilingi 60,000 kila mwaka kwa miaka 4. Deni lake ni shilingi 240,000. Riba ya asilimia 4 ni takriban shilingi 9,600 kwa mwaka, nayo si nzito. Lakini sheria yamtaka aanze kulipa katika muda wa mwaka mmoja baada ya masomo, awe na kazi asiwe nayo. Asipolipa, hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Faini ya miaka 4 peke yake yatosha kulingana na mkopo wote! Tena ili aajiriwe kazi ya umma, huweza kudaiwa cheti cha bodi hiyohiyo. Kosa lake ni lipi, isipokuwa kukosa kazi?

Na aliyeipata? Mwaka 2023, walimu wanagenzi wa shule za sekondari msingi, wengi wao wenye shahada, waliwekewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Toeni kodi ya chumba, nauli, chakula na karo ya wadogo zake. Kilichobaki ndicho kilipe deni.

Wako watakaotuambia kwamba basi watoto waache vyuo vikuu, wajifunze ufundi. Ufundi ni kazi ya heshima. Lakini mbona wasemao hivyo huwapeleka watoto wao chuo kikuu? Ni kwa sababu wanajua kwamba aliyesoma, akiipata kazi ya kudumu, shahada humlipa. Mtoto wa tajiri aweza kuingoja kazi hiyo miaka 5 bila kuumia. Mtoto wa maskini huingoja huku faini ikipanda.

Kwa hiyo sisi twadai mambo matatu. Kwanza, malipo yaanze mkopaji anapoanza kupata mapato, yakatwe kwa kadiri ya mapato hayo. Pili, asiye na kazi asitozwe faini. Tatu, kila chuo kitangaze, kabla mzazi hajalipa senti moja, gharama kamili ya kila kozi na ni wahitimu wangapi wa kozi hiyo waliopata kazi.

Hayo hayahitaji Katiba mpya. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 imekwisha kuitaja elimu kuwa haki. Yahitaji Bunge kurekebisha sheria. Basi kila chama kitakachokuja kuomba kura kijibu swali hili. Tukikubali kisijibu, vyama vingi vitabaki kuwa bendera nyingi tu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi twakubali. Lakini atakaye kulipwa asimfunge mdeni mikono.