Kompyuta Mbili, Waya Mmoja: Kuhamisha Rekodi za Chama Bila Bando

(Maandishi ya mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akiba na wakazi kuhusu utunzaji wa rekodi)



Mweka hazina wa chama ana kompyuta kuukuu ya mezani. Ndani yake mna michango ya wanachama wote, mikopo iliyotolewa, aliyelipa na anayedaiwa. Siku hizi mashine hiyo inakwaruza inapowashwa, na imezimika mara mbili katikati ya kazi. Chama kimenunua kipakatalishi kipya. Rekodi zitatoka kule zifike huku vipi kabla diski haijafa? Zikipotea, deni la kila mtu litabaki kuwa neno lake tu, na vyama vimevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo.

Si yeye peke yake. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, nyumba nyingi zina kompyuta ya zamani inayosubiri kustaafu.

Njia inayojulikana ni flashi. Si mbaya, ila flashi ya kuazima imepita saiba na mashine za watu, na huenda ikaja na virusi. Tena flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja ya GB 4 au zaidi. Njia ya intaneti hulipiwa mara mbili: GB 40 za kupakia, kisha GB 40 nyingine za kupakua. Hapo bando limekwisha na kazi haijakwisha.

Waya wa mtandao hauhitaji bando wala ruta. Ni ule wenye plagi za plastiki kama za simu ya mezani, ila pana zaidi, na nyaya 8 ndogo ndani yake. Unaweza kufika mita 100, kwa hivyo wa mita 2 unatosha kabisa sebuleni. Kipakatalishi kisicho na tundu lake hutumia kiungo kidogo kinachochomekwa kwenye USB.

Zamani kompyuta mbili zilihitaji waya wa kupishana, ambao upande mmoja waya wa 1 hubadilishana na wa 3, na wa 2 na wa 6. Mashine za kisasa hujirekebisha zenyewe, na ikitosha mmoja wa wawili kuwa wa kisasa, waya wa kawaida hufanya kazi. Muuzaji anayesisitiza kwamba lazima mtu anunue waya maalumu aulizwe kwanza umri wa mashine. Kama zote mbili ni za zamani na taa ndogo kando ya tundu haziwaki, hapo ndipo wa kupishana unahitajika.

Kinachowashinda wengi ni anwani. Kwa kawaida ruta ndiyo hugawa anwani, na hapa haipo. Kompyuta zikiachwa hivyo hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254, na mara nyingi zitaonana. Lakini ni afadhali kuziandika kwa mkono: ya zamani iwe 192.168.10.1, mpya iwe 192.168.10.2, na zote mbili ziwekewe 255.255.255.0 kwenye nafasi ya chini yake. Nafasi ya lango iachwe tupu. Wi-Fi izimwe kwenye mashine zote mbili.

Kisha, kwenye mashine ya zamani, folda ya rekodi ifunguliwe kwa kushiriki, kwa kusomwa tu. Windows huuhesabu mtandao usio na ruta kuwa wa hadharani na kufunga mlango; katika mipangilio ya kushiriki, ruhusa ya faili iwashwe kwa muda. Akaunti ya mashine ya zamani iwe na nenosiri, kwa sababu Windows kwa kawaida hukataa kuingiwa kupitia mtandao kwa akaunti isiyo nalo. Kwenye kipakatalishi, dirisha la faili lifunguliwe na iandikwe \\192.168.10.1 pale juu. Folda itajitokeza.

Hapo ndipo uamuzi wa busara unapohitajika. Kijana wa nyumbani anayemsaidia mweka hazina atasema, "Mama, tuanze na video za harusi, ndizo kubwa." Mama atamjibu, "La, mwanangu. Anza na kitabu cha chama. Harusi baadaye." Ana haki. Diski inayokwaruza haina ahadi, na kila dakika inayosoma inaweza kuwa ya mwisho. Faili za rekodi ni ndogo. Zitavuka kwa sekunde chache. Zile GB 40 zote, kwa tundu la zamani la megabiti 100, huchukua karibu saa nzima. Kwa tundu la gigabiti ni dakika chache, diski ikiweza kwenda mwendo huo.

Zinakiliwe, zisihamishwe. Faili ifunguliwe kwenye kipakatalishi na jumla yake ilinganishwe na kumbukumbu za mkutano uliopita, mbele ya mwenyekiti na katibu. Nakala nyingine iwekwe mahali pengine, na orodha ya mikopo ichapishwe kwenye karatasi.

Kompyuta ya zamani isiuzwe vivi hivi. Faili zilizofutwa kwa kawaida huweza kufufuliwa, na nambari za vitambulisho na simu za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Fundi aitoe diski, ibaki na chama.

Waya ukishachomolewa, kushiriki kuzimwe na anwani irudishwe kuwa ya kutafutwa yenyewe. Isiporudishwe, kipakatalishi kitakapochomekwa kwenye ruta ya ofisi huenda kikakosa intaneti, na fundi atalipwa bure.