Maji ya Ewaso Ng'iro Hayaishii Laikipia



Mto Ewaso Ng'iro hupata maji yake Mlima Kenya na Aberdare, hupitia Laikipia, Samburu na Isiolo, kisha huelekea kinamasi cha Lorian. Kiangazi kikiwa kikali, pampu na mifereji ya huku juu ikichota bila kipimo, mto hukauka kabla ya kufika Archer's Post. Samaki hufa, na wafugaji hugombania visima.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka akiba ibaki mtoni: maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya viumbe wanaoishi humo. Kinachogawiwa kwa kibali ni kile kinachozidi akiba hiyo.

Kwa hivyo kila mkulima avune maji ya masika, ayaweke bwawani au kwenye tangi, ili kiangazi kikifika azime pampu. Chama cha watumiaji maji kikipanga zamu, zifuatwe na wote, mwenye ekari moja na mwenye mia.

Shamba lenye bwawa laweza kungoja mvua. Mtoto na ng'ombe wa Isiolo hawawezi.