Ishara ya Msalaba Katika Maisha ya Kila Siku

Hotuba iliyotolewa Kaole katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika



Nimepewa kusema juu ya jambo dogo lisilozidi pumzi moja: mkono unaogusa kipaji cha uso, kifua na mabega, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Katika kikao cha wazee liliulizwa kama vijana wa kipaimara wafundishwe ishara hii, na baadhi yetu walijibu kwa uchungu kwamba hayo ni mambo ya Wakatoliki. Uchungu huo una historia yake, na haifai kuudharau.

Hapa Bagamoyo Wakatoliki walitutangulia. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani na kuwajengea kijiji. Shirika la misioni kutoka Berlin lilianza Dar es Salaam mwaka 1887. Huko Prussia, Walutheri na Warefomati walikuwa wameunganishwa tangu mwaka 1817, na Warefomati walikuwa wameiacha ishara hii zamani. Basi, misioni mbili zilipotazamana katika nchi moja, naona mkono ule uligeuka kuwa kama bendera: aufanyaye ni wa kule, asiyeufanya ni wa kwetu. Hata hivyo tusisahau kwamba mwezi Februari 1874, Chuma na Susi na wenzao walipoufikisha mwili wa Livingstone Bagamoyo, baada ya safari ya miezi mingi kutoka bara, ni mapadre hao waliompokea Mprotestanti huyo katika kanisa lao.

Luther mwenyewe hakuiacha. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anamwelekeza mwenye nyumba awafundishe watu wake kujiwekea ishara ya msalaba waamkapo na waendapo kulala. Katika utaratibu wake wa Ubatizo, mtoto anawekewa msalaba kipajini na kifuani. Na kabla yake, zaidi ya miaka 1,200 kabla hajazaliwa, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, alieleza jinsi Wakristo wa siku zake walivyochora ishara hiyo katika paji la uso wakitoka na kuingia, wakivaa viatu, wakioga, wakiketi mezani, wakiwasha taa. Kwa hiyo anayesema kwamba jambo hili ni geni kwa Afrika ahesabu upya.

Lakini ukale peke yake hautoshi. Hirizi nazo ni za kale. Hapa ndipo penye hatari ya kweli, na sisi watu wa pwani tunaijua. Hapo magofuni, kando ya misikiti ya kale na makaburi yenye nguzo, kipo kisima ambacho wageni huchota maji yake wakitafuta baraka. Sisemi hili kuwacheka jirani zetu, maana Mkristo anayejifanyia msalaba ili basi lisipinduke, au golikipa anayeufanya ili penalti iende nje, hayuko mbali na hapo. Msalaba si kinga ya ajali. Aliyebebeshwa wa kwanza haukumwepusha na kifo.

Ishara hii ni kumbukumbu ya Ubatizo. Siku ile wengi wetu tulikuwa wachanga, hatukusema neno. Mkono wa mwingine ulituandika kuwa mali ya Kristo. Kila asubuhi mkono wangu unafuata mstari ule ule. Mama muuza samaki ambaye jana alimpunja mteja anaweza kuanza siku hapo, kwa toba, kabla hajashika mizani. Mgonjwa aliyeishiwa maneno anaweza kusali kwa kidole gumba tu.

Jirani yetu Mwislamu hasukumi ngalawa wala hamegi tonge bila Bismillahi, wala haoni haya. Kijana wetu aliyepanga chumba katika nyumba ya watu mchanganyiko mara nyingi hula kimya, kama mwizi wa chakula chake mwenyewe. Hilo linanisikitisha kuliko ubishi wetu wa mabega. (Waorthodoksi, kwa taarifa yenu, huanza na bega la kulia.)

Kwa hiyo maoni yangu kwa baraza ni haya: vijana wafundishwe, na maana yake, lakini pasiwe na wa kulazimishwa wala wa kuzuiwa. Bibi aliyesali miaka 70 kwa mikono iliyokunjwa asihesabiwe kuwa amepungukiwa.

Sala hizo mbili zimo katika Katekisimo, mara baada ya sehemu ya Sakramenti ya Altare. Wazazi wazisome na watoto wao usiku huu. Baada ya sala ya asubuhi Luther anatutuma kazini kwa furaha. Baada ya ile ya jioni anatuagiza tulale mara moja, bila wasiwasi.