Machipukizi ya Tumbaku Yang'olewe Mapema



Mkulima wa Kabungu akatapo ua la tumbaku hutaka chakula cha mmea kiende kwenye majani. Lakini kichwa kikiisha kuondolewa, macho yaliyolala makwapani mwa majani huamka na kuchipua. Machipukizi hayo hula chakula kilekile. Jani hubaki jembamba na jepesi, na daraja lake sokoni hushuka. Mkopo wa mbolea, hata hivyo, haupungui.

Dawa iliyo karibu ni mkono. Yang'olewe kila juma, kabla hayajapita urefu wa kidole. Baada ya mavuno, mashina nayo yang'olewe pamoja na mizizi, yasije yakachipua tena na kuwalea wadudu wa msimu ujao. Mwanachama mmoja akizembea, jirani naye hupata hasara.