*UJIRANI WETU NA NG'AMBO YA RUVUMA*



Haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao cha tawi Jumapili. Nayatuma kwa ambao hawakufika, na kwa waliofika ili yasisahaulike.

Msimu uliopita alikuja ofisini kibarua kutoka Msumbiji. Alikuwa amepalilia mikorosho ekari tatu. Alipodai hela yake, mwenye shamba, mwanachama mwenzetu, alimjibu, "Ukinisumbua nakuitia Uhamiaji." Balozi wa nyumba kumi aliwakalisha, yule mtu akalipwa. Lakini alirudi kwao na maneno yale, na kwao ndiko yanakosimuliwa.

Ndugu zangu, serikali zina mabalozi wake. Kwa watu wa Masasi na Newala, anayemfanyia kazi mtu wa ng'ambo anaijua Tanzania kupitia mwenye shamba huyo.

Sisi si wageni wa jambo hili. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Mondlane aliuawa huko huko tarehe 3 Februari 1969. Wapiganaji walifundishwa Nachingwea, jirani zetu hapa. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wazee wetu walishangilia kama wao. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, mita 720, lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010. Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo pande zote mbili za mto.

Najua hofu ipo, na ina sababu. Tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado haijatulia, na Oktoba 2020 wauaji walivuka wakafika Kitaya. Lakini wanaokimbia huko ndio walioumizwa kwanza. Na mgeni aliyetendewa haki akiona jambo baya atakuja kusema. Aliyedhulumiwa atanyamaza.

*Tulikubaliana hivi:*

1. Mgeni apelekwe kwa balozi na kwa mwenyekiti wa kitongoji siku ile ile anayofika. Ukiwa na shaka, toa taarifa. Hatumkamati mtu wala hatumpigi.

2. Mapatano ya kibarua yaandikwe mbele ya shahidi: kazi gani, shilingi ngapi, analipwa lini. Asiyejua kuandika aje kwangu, mahesabu ndiyo kazi niliyosomea. Deni ni deni, awe nalo Mtanzania au mtu wa Msumbiji.

3. Humu kwenye kundi hatutumi sauti za uvumi, na "Mmavia" lisiwe tusi.

4. Baada ya mauzo ya korosho, akina mama wa vikundi vya hisa, vijana wa mpira na watu wa ngoma waandae mwaliko kwa wenzao wa ng'ambo. Tupitie serikali ya kijiji na Uhamiaji, waje kwa utaratibu.

Yule mwenye shamba alikuwepo kikaoni. Alisimama mwenyewe akaomba radhi, na azimio la pili ni yeye aliyelitoa. Nampongeza.

Kidumu Chama Cha Mapinduzi!

*Katibu wa Tawi*