Kabla ya Viatu, Sufuria

Kila Mkenya anapong'ara katika mbio ndefu, gumzo huishia kwenye viatu. Mimi natazama sufuria. Mwaka 2004 watafiti waliofuatilia mlo wa wakimbiaji wa Kikalenjin kambini walikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu yao inatokana na wanga: ugali, wali, viazi, na sukari iliyomiminwa kwenye chai ya maziwa bila huruma. Nyama ilikuwa kidogo tu.

Mwili huhifadhi wanga huo kwenye misuli na ini kama glaikojeni, lakini kwa kasi ya ushindani ni vigumu akiba hiyo kumfikisha mkimbiaji kilomita 42. Ndiyo maana kwenye marathoni ya Berlin, mwaka 2018, Eliud Kipchoge alipokea chupa za kinywaji njiani, huku mpa-chupa wake, Claus-Henning Schulke, akishangilia kana kwamba yeye ndiye mshindi. Alikuwa na haki. Kipchoge alimaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39.

Kupona ndiko tunakokupuuza. Misuli hujaza akiba upesi zaidi katika saa chache za mwanzo baada ya mazoezi, na protini husaidia kuikarabati. Ugali kwa maharage, mayai na maziwa vinatosha. Kopo la unga wa protini wa bei mbaya si lazima.

Wanaonitia wasiwasi ni wasichana wanaohimizwa wapungue. Njaa ya muda mrefu huweza kukatisha hedhi, mifupa ikadhoofika na kupata nyufa. Kocha akiarifiwa kuwa hedhi imekatika, ampeleke binti kwa daktari kabla ya kumwongezea mazoezi.