Misimu Miwili Tu: Historia ya Mashindano ya Softiboli ya Pac-12



Mada niliyopewa inahusu mashindano ya kufunga msimu, yale yanayochezwa kwa siku chache baada ya ligi kumalizika ili kumpata bingwa. Mifano ni mingi. Nimechagua mashindano ya softiboli ya wanawake ya Pac-12, umoja wa vyuo vikuu vya magharibi mwa Marekani. Yalichezwa mara mbili, mwaka 2023 na mwaka 2024, kisha yakafa. Ufupi huo unatusaidia, kwa sababu tunaweza kuona vizuri yalianzaje na nani aliyaua.

Kwanza niseme machache kuhusu mchezo wenyewe. Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, ikiwa ni besiboli ya kuchezwa ndani ya ukumbi. Katika vyuo vya Marekani leo ni mchezo wa wanawake. Mechi ina vipindi saba, na mrushaji husimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 13. Mpira huurusha kwa kuuzungusha mkono na kuuachia chini, karibu na nyonga. Mrusho huo hauuchoshi mkono kama ule wa besiboli, kwa hiyo mrushaji mmoja hodari anaweza kucheza leo, kesho na keshokutwa, akaibeba timu nzima. Naomba jambo hili lisitutoke akilini, kwa kuwa hoja yangu imesimama juu yake.

Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu ya Marekani, na michezo ya wasichana ikapanuka sana. NCAA, chombo kikuu cha michezo ya vyuo nchini humo, iliandaa ubingwa wake wa kwanza wa softiboli mwaka 1982 mjini Omaha, na UCLA ikautwaa. Tangu mwaka 2003 timu 64 huingia katika hatua ya taifa. Bingwa wa umoja wa vyuo wenye haki ya kuingiza bingwa wake hupata tiketi ya moja kwa moja. Nafasi zinazobaki hugawiwa na kamati inayopima rekodi ya msimu mzima.

Namna ya kumpata bingwa huyo ni uamuzi wa kila umoja. SEC, umoja wa vyuo vya kusini mashariki, ulipoanza softiboli mwaka 1997 ulianza pamoja na mashindano ya kufunga msimu. Big 12 ulianzisha ya kwake mwaka 1996, ukayasimamisha baada ya 2010, ukayarudisha 2017. Pwani ya Pasifiki walikataa. Kwao timu zilikutana mwishoni mwa wiki na kucheza mechi tatu mfululizo na mpinzani yuleyule, na aliyeongoza msimamo mwishoni ndiye aliyekuwa bingwa.

Kukataa huko hakukuwadhoofisha hata kidogo. Kati ya mwaka 2006 na 2011 taji la taifa lilikwenda kwa timu za umoja huo mara sita mfululizo: Arizona mara mbili, Arizona State, Washington, UCLA, kisha Arizona State tena. SEC, pamoja na mashindano yake ya kila mwaka, ilisubiri hadi 2012 ndipo Alabama ikawapa taji la kwanza. Sisemi kwamba mashindano ndiyo yaliyowachelewesha. Hali ya hewa ya California na Arizona inaruhusu mazoezi mwaka mzima, na makocha kama Mike Candrea wa Arizona walijenga misingi ya miongo. Ninachosema ni kwamba ligi ya mechi tatu tatu ilitosha kabisa kuwakuza mabingwa. Mechi tatu na mpinzani yuleyule, wiki baada ya wiki, humsukuma kocha awe na warushaji zaidi ya mmoja, hata kama mmoja angeweza kuzirusha zote. Humpa mpigaji nafasi ya kujifunza Jumamosi kile kilichomshinda Ijumaa.

Mbona basi wakabadili? Kwa maoni yangu, sababu kubwa ilikuwa kuonekana. Wiki ya pili ya Mei, timu za umoja nyingine zilikuwa kwenye televisheni, kila mechi ikiwa ya kufa na kupona, wakati timu za Pasifiki zilikuwa zikimalizia ratiba ya kawaida. Hiyo ni sababu halali, nami naiheshimu. Msichana anayecheza softiboli anastahili siku ambayo nchi nzima inamtazama.

Mei 2023, timu tisa zilikusanyika Tucson, kwenye uwanja wa Hillenbrand wa Chuo Kikuu cha Arizona. UCLA ya kocha Kelly Inouye-Perez ilifika ikiwa kinara wa ligi. Fainali ikawakutanisha na Utah ya Amy Hogue, na Utah ikashinda 7-6. Kilichofuata kinapaswa kuchunguzwa na kila mpangaji wa michezo. Utah iliendelea kushinda hadi ikafika fainali za taifa za Oklahoma City, mara ya kwanza tangu 1994. UCLA, iliyopangwa ya pili kwa ubora nchini, ilitolewa kwenye uwanja wake wa nyumbani katika raundi ya kwanza, ikifungwa na Grand Canyon na Liberty. Wako watakaosema mashindano yaliitambua Utah mapema kuliko ligi. Mimi nasema timu moja ilikuwa imepanda wakati ule, nyingine imeshuka. Mtoano hupima timu ilivyo wiki hiyo. Ligi hupima ilivyo mwaka mzima. Ni vipimo viwili tofauti, na makosa huanza pale tunapokitumia kimoja kufuta kingine.

Mwaka uliofuata mashindano yalihamia Stanford. Fainali ilikuwa ileile, ila safari hii UCLA ilishinda 2-1, ikiwa pia bingwa wa ligi.

Hayakuchezwa tena, na kifo chake hakikutoka ndani ya softiboli. UCLA na USC zilikuwa zimetangaza tangu Juni 2022 kwamba zinakwenda kwenye umoja wa Big Ten, zikifuata fedha za televisheni za futiboli ya Kimarekani ya wanaume. Katika majira ya joto ya 2023, miezi michache tu baada ya Tucson, umoja ukasambaratika kwa matangazo ya kuondoka baada ya msimu wa 2024: Oregon na Washington zikafuata Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12, Stanford na California zikajiunga na ACC, umoja wenye jina la Atlantiki ilhali wao wanaishi Pasifiki. USC, iliyofungua mlango huo, haina hata timu ya softiboli. Oregon State ikaachwa, na softiboli yake ikatafuta hifadhi kwenye umoja mwingine. Wachezaji wa Stanford sasa huvuka bara zima kwenda kucheza mechi za ligi, kisha warudi darasani.

Tukirudi kwenye muundo wenyewe, mashindano ya namna hii yana udhaifu mwingine ulioonekana mwaka 2025. Fainali ya SEC kati ya Oklahoma na Texas A&M haikuchezwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Haikuwezekana kuiahirisha, maana timu za hatua ya taifa zilikuwa zinatangazwa kesho yake, hivyo timu zote mbili zikaitwa mabingwa. Mwaka huohuo Texas Tech ilitwaa Big 12 ikimtegemea mrushaji mmoja, NiJaree Canady, aliyehama kutoka Stanford kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja. Ni mchezaji wa ajabu, na fedha hizo anazistahili. Lakini umoja unaompa mshindi wa siku nne tiketi ya moja kwa moja ujue kwamba, katika softiboli, huenda unaupima mkono mmoja.

Hukumu yangu ni kwamba Pac-12 walikuwa sahihi kuiamini ligi, na walikuwa sahihi pia, ingawa walichelewa, kuwapa wanawake jukwaa la Mei. Kosa lilikuwa kuiacha hatima ya mchezo huo mikononi mwa watu waliokuwa wakihesabu fedha za mchezo mwingine. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaoingia kwenye kamati za ratiba na za fedha: kabla ya kupitisha uamuzi wowote kwa ajili ya futiboli ya wanaume, iteni makocha wa timu za wanawake, waulizeni watasafiri umbali gani, watakosa vipindi vingapi na nani atalipa, na majibu yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya kura kupigwa.